Fisi Apiga Vicheko Marufuku

Kiangazi kilikausha mito yote ya nyika, likabaki dimbwi moja tu. Siku moja Simba alikwenda kunywa, akateleza, akaanguka kitako matopeni na ufalme wake wote. Wanyama wakacheka mpaka wakatokwa machozi. Simba angeweza kuvumilia kiu, lakini kuchekwa, aka. Akamwita Fisi, mwanasheria wake.

Fisi hakumnyima mtu haki. Alitangaza kwamba kila mnyama ana uhuru wa kunywa, wa kusema na wa kucheka. Kisha akameza mate, akaongeza, "Isipokuwa pale sheria itakapoona vinginevyo."

Na sheria, kwa bahati yake, alikuwa Fisi mwenyewe. Ikaona kwamba anayecheka dimbwini anahatarisha usalama wa nyika, kwa hiyo zamu yake ya maji apewe mlinda sheria. Nani huyo, hakuna aliyehitaji kuuliza.

Basi Fisi akaanza kukagua midomo. Nyani alikunja uso kwa jua, zamu ikaenda. Kiboko akapiga mwayo, ikaenda. Mama Punda alipolia kwa kiu, naye akakamatwa. Akajitetea kwamba hiyo ndiyo sauti aliyozaliwa nayo, tena ana mtoto wa kunyonya na maziwa yamekauka.

"Meno yameonekana," Fisi akamjibu. "Ya moyoni sheria haiyaulizi."

Wanyama wakakonda, Fisi akanenepa hata tumbo likaburuzika chini. Sungura alipomwona yule mtoto wa punda akilamba tope, roho ilimuuma kwelikweli.

Akaenda kwa Simba, akainama mpaka masikio yakafagia vumbi. Akasema mtumishi hodari kama Fisi anastahili tuzo, paja zima la nyati, tena apewe hadharani pale dimbwini. Simba, ambaye hupenda kutoa akiwa anatazamwa, akakubali papo hapo.

Paja likaletwa likichuruzika mafuta. Fisi akajikaza. Akaangalia mawingu, ambayo hayakuwapo. Akakumbuka misiba ya ukoo wao mzima. Lakini fisi ni fisi, kicheko kikamponyoka, akagaagaa chini mbele ya mfalme, magego yote nje.

"Ni furaha tu, Mtukufu," akahema. "Sijamcheka mtu."

"Hata mimi sikumcheka mtu," Mama Punda akasema taratibu.

Simba alikwisha kununa, maana alidhani anachekwa yeye. Akamnyang'anya Fisi zamu yake na zote alizojilimbikizia, akamfukuza dimbwini. Mama Punda akanywa wa kwanza, na mtoto wake ubavuni. Mfalme akatafuta mlinda sheria mwingine, asipate, kwa kuwa kila aliyeombwa alikuwa na meno. Sheria ikafa hivyohivyo, bila matanga.

Fisi alikaa njiani, ulimi nje, akiwaomba wapita njia walau pole. Wakampita kimya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.