Fisi na Sheria ya Kivuko

Nikiita, itikeni.
Tumeitika.
Palikuwa na mto.
Tuvushe.
Palikuwa na sheria.
Turudishe.

“Makuyu arobaini, nusu yake ishirini,” alisema Fisi. “Hapa nahesabu yote thelathini na tisa. Pimbi, moja liko wapi?”

“Tumboni mwangu, bwana mkubwa. Lihesabu kwenye nusu yangu.”

“Hata tumbo lako nusu ni langu.”

Kila siku ugomvi ndio huo. Pimbi ni kanyama kadogo, hata mkia hana. Fisi mnamjua. Kama hamumjui, nyamazeni mtamjua.

Fisi alilala juu ya mawe ya kivuko, mahali pekee pa kuvukia mto. Miaka mitatu nyuma, wanyama walikuja ng’ambo hii kula makuyu. Fisi akapuliza baragumu, puuu, akawakusanya, akatunga sheria: “Asivuke mtu. Nusu ya kila chakula ni yangu. Atakayevuka, Ngiri amng’oe meno. Na sheria ni msumeno, hata mimi sivuki.” Angevuka aende wapi? Alikuwa akilishwa amelala.

Mama yake Pimbi alibaki kwao, ng’ambo ya pili. Kila alasiri alipanda mwamba wake akaita: kriii, kriii, mwanangu, umekula? Pimbi akajibu: kriii, kriii, nimekula, mama. Mwaka wa kwanza sauti ya mama ilikuja nzito. Mwaka wa pili ilikuja nyembamba. Mwaka wa tatu ilikuja ikipumzika njiani. Halafu siku moja aliita mara moja tu, kri, akanyamaza. Pimbi alijibu mpaka koo likakauka.

Kesho yake Pimbi hakugombana. Aliketi kando ya Fisi, akatazama ng’ambo, akashusha pumzi: hooo.

“Unatazama nini?”

“Kwetu.”

“Kwenu kuna nini?”

“Nyati amekufa chini ya mwamba wa mama. Mafuta yanatiririka, chururu, na sisi pimbi tunakula majani. Upepo unavuma kwenda kule, ndiyo maana huisikii harufu.”

Fisi akameza mate, gudu.

Siku ya pili Fisi ndiye aliyewahi kuketi. Akatazama ng’ambo: hooo. “Mdogo wangu, mifupa yake ni minene?”

“Kama shina la mkuyu.”

Siku ya tatu Fisi hakugusa hata kuyu moja. Waliketi bega kwa bega, hooo, hooo, na Pimbi akamwonea huruma kidogo. Jicho lile alilijua. Lilikuwa jicho lake mwenyewe.

“Navuka,” alisema Fisi.

“Ngiri anakuona, bwana mkubwa.”

Kweli, Ngiri alikuwa pale ananoa pembe zake jiweni, kwa, kwa. Ngiri hana rafiki wala shemeji.

“Basi nailegeza sheria, leo tu.”

“Kamba iliyolegea ni kamba bado.”

“Nitajifanya nimeisahau.”

“Ngiri hasahau.”

“Sasa nifanyeje, wewe usiye na mkia?”

“Itangue. Kutangua sheria ni kuimaliza, isimfunge mkubwa wala mdogo. Aliyeitunga ndiye anayeitangua, kwa kinywa chake, palepale alipoitunga, mbele ya wale wale walioisikia. Huwezi kuitangua moyoni. Huwezi kuitangua kwa ajili yako peke yako.”

Fisi akapuliza baragumu, puuu. Wanyama wakaja.

“Sheria ya kivuko naitangua.”

“Yote?” aliuliza Ngiri.

Fisi akatazama ng’ambo, mate yanadondoka, to, to, to.

“Yote.”

Akajitosa wa kwanza, chubwi. Swala wakafuata, fyu, fyu. Kobe akafuata, kokoto, kokoto. Pimbi akaruka jiwe kwa jiwe.

Fisi alizunguka ule mwamba mara saba. “Nyati yuko wapi?”

“Labda naye amevuka,” alisema Pimbi kutoka juu.

Fisi akapuliza baragumu aitunge sheria upya, puuu. Hakuja mtu. Kila mtu alikuwa kwao.

Juu ya mwamba, mama yake Pimbi alikuwa amelala, macho hayaoni tena.

“Nani?”

“Mimi mwanao, mama.”

“Mwongo wewe. Mwanangu huitika kutoka mbali.”

Pimbi akasimama. Kisha akateremka mpaka ukingoni mwa mto, akageuka, akaita: kriii, kriii, nimekula, mama.

“Huyo ndiye,” alisema mama. “Lakini atakuja lini?”

Pimbi akapanda tena, mbio, akiita kila hatua, ili mama asikie anavyokaribia. Sheria ilitanguliwa kwa neno moja. Ile miaka mitatu hakuna aliyeweza kuitangua.

Funzo la hadithi hii, watoto wazuri: mwongo hafiki kwao.

Hadithi imevuka, msimulizi amebaki na koo kavu. Nimetoa changu chote bila kupunja. Nipeni uji wangu.