Upande wa Pili wa Kamba

Mama mmoja alikuwa anafua. Blanketi la kwanza alikuwa ameshalikamua na kulianika, la pili liko ndani ya beseni, povu limempanda hadi kwenye viwiko. Jirani yake akatokea uani na simu mkononi.

"Ni kaka yako. Anasema wewe hupatikani."

Mama akafuta mkono mmoja kwenye khanga, akaipokea.

"Dada, shikamoo. Wifi yako amelazwa. Presha imepanda, miguu imevimba, na mimba ina miezi saba. Daktari amesema hatoki pale mpaka ajifungue."

"Watoto wako wapi?"

"Nimeshawapandisha basi, wote wanne. Nisamehe, dada. Sikuwa na muda wa kukuuliza kwanza."

"Wale wawili wa mwisho wameacha kukojoa kitandani?"

"Bado," kaka akasema.

Akina mama mlioketi hapa, najua mmeshapiga hesabu. Nyumba ya watoto watatu inakuwa ya watoto saba. Mume yuko kambini anakopasua mbao, anarudi mwisho wa mwezi. Ni msimu wa mvua, tena kwetu huku milimani, ambako mtoto asiyelalia blanketi kavu anaamka na kifua kinakoroma. Yule mama hakulia. Hakuwa na nafasi. Alimrudishia jirani simu yake, akamaliza kusuuza, akalitupa blanketi la pili kwenye kamba. Na papo hapo kile kijiti kilichokuwa kinashikilia kamba kikalala chini, mablanketi yote mawili yakaingia kwenye tope.

Akayaangalia. Akajiambia, kabla hata basi halijafika, kitu cha kwanza nitakachotengeneza hapa ni nguzo.

Mimi nawaambia alikuwa na akili. Wengine tungekata kijiti kingine kama kile kile. Yeye aliketi kizingitini, akachukua daftari la binti yake mkubwa, akachora kwenye ukurasa wa nyuma. Alikumbuka kwamba nguo haipimwi ikiwa kavu, inapimwa ikiwa imetoka kwenye maji. Blanketi unalolikunja kwa mkono mmoja jioni, asubuhi linahitaji watu wawili kulikamua. Basi akapima nguzo yake kwa mablanketi manne mabichi na upepo juu yake. Akaamua iwe bomba la chuma, si mti, kwa sababu ya mchwa. Shimo futi mbili na nusu. Zege, si udongo wa kushindilia. Na isimamishwe ikiwa imeinama kidogo kwa nje, ili mzigo ukiivuta iwe wima. Kamba ya katani akaikataa, maana ikilowa inalegea. Akataka waya.

Fundi wa kuchomea alipokuja na bomba, akaitazama ile michoro, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mama, hii ungenifundisha mimi. Na upande wa pili?"

"Upande wa pili upo. Nafunga kwenye nguzo ya jiko, kama siku zote."

"Ya mti ile?"

"Imesimama tangu naolewa, fundi. Haijawahi kunisumbua."

"Haijawahi kuulizwa," fundi akasema. Lakini alikuja kwa kazi ya nguzo moja, akaifanya hiyo moja, akaenda zake.

Jirani naye alichungulia zege likimwagwa. "Mwenzangu, unaanika nguo au unajenga mnara wa simu?"

"Lete suruali za mumeo tuone kama mtandao utakamata."

Wakacheka. Watoto wanne wakafika na mfuko mmoja wa nguo. Zege likakauka, waya ukavutwa kutoka pale hadi kwenye nguzo ya pembeni ya jiko, na kazi ikaanza.

Sasa nisikilizeni. Kila asubuhi yale mablanketi yalitoka. Mama alifua kabla ya kwenda shambani. Na yule binti mkubwa, msichana wa kidato cha pili, ndiye aliyebaki na mengine yote. Kuwaamsha wadogo, kuwaosha, kukoroga uji wa watu wanane, kumbeba yule mdogo aliyekuwa anamlilia mama yake, kisha kukimbia shule akiwa amechelewa. Jioni kuni, maji, maharage. Hakusema kitu. Kuna watoto wa namna hiyo, na kila nyumba inamjua wa kwake. Watu walipomuuliza mama, unawezaje na watoto saba, alijibu, "Nina nguzo." Wao walidhani anasema ile ya chuma. Na yeye ndiyo aliyokuwa anaisema.

Wiki ya tatu binti akasema, "Mama, mlango wa jiko haufungi."

"Uinue kidogo, halafu usukume."

Akauinua, akausukuma, ukafunga. Siku chache baadaye akasema, "Mama, kuna mwanya kule juu kwenye bati. Mvua inaingia hadi kwenye mafiga."

"Sogeza mafiga."

Akayasogeza. Akawa anapikia kwenye kona, mgongo umeegemea ukuta, moshi wote machoni. Na katika siku hizo hizo mama aliona waya wake umelegea, mablanketi yanagusa majani. Akafanya nini? Akaenda kwenye nguzo yake ya chuma na koleo, akaukaza. Ukalegea tena, akaukaza tena. Kila alipomaliza aliipiga ile nguzo kofi mbili, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mzuri, na ilikuwa haitikisiki hata kidogo.

Nawauliza ninyi. Kama nguzo haijasogea, na waya hauna mahali ulipokatika, ulegevu ule ulikuwa unatoka wapi?

Ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, Jumamosi, jua likatoka. Mama akatoa kila kilichokuwa kimelowa ndani ya nyumba ile. Mablanketi saba. Yalipolemea waya akachukua koleo kwa mara ya mwisho, akazungusha raundi mbili.

Nguzo ya jiko haikuvunjika kwa kelele. Chini ya udongo, pale ambapo jicho halifiki, ilikuwa imeshaoza imebaki kama ugoro. Ikang'oka, ikavutwa kuelekea kwenye ile ya chuma, ukuta ukaifuata, bati likashuka. Ndani ya jiko, kwenye kona, alikuwa binti na sufuria ya maharage.

Jirani aliruka ua. Wakalinyanyua bati wote wawili, mama na yeye, viganja vinachanika bila kujua. Msichana akatoka akiwa mweusi kwa masizi toka kichwani, mkono wa kushoto umebabuka kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Alikuwa anakohoa. Aliangalia jiko, akaangalia mablanketi yaliyotanda kwenye matope, akaangalia kule mwisho wa uwanja.

"Nguzo yako haijatikisika, mama," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa afadhali angesema kwa kejeli.

Ndugu zangu, nimewaambia mama yule alikuwa na akili na sijaifuta kauli yangu. Hakuwa mvivu, hakuwa katili. Aliwapokea watoto ambao wengine wangewarudisha kwenye basi. Kosa lake lilikuwa moja. Alitengeneza upande aliokuwa amesimama yeye. Na kwa kuwa upande wake ulikuwa hauyumbi tena, mzigo wote wa kuyumba ukahamia kwa mwenzake. Kijiti kile cha zamani kilikuwa kibovu, ndiyo, lakini kikizidiwa kilianguka chenyewe. Nguzo hii mpya ilikuwa haianguki. Iliangusha.

Sasa tuje kwetu. Sisi ni watu wa kusaidia. Jumuiya ikiita tupo, msiba ukitokea tupo, mgeni akija tunasema karibu, na moyoni tunajisifu kwamba Mungu ametupa bega. Amina. Lakini kamba ina ncha mbili. Ile nyingine tumeifunga wapi? Wewe baba unayepokea ndugu kila mwezi na kusifiwa kijiji kizima, nani anaamka kuwapikia? Wewe mama unayeongoza kwaya, kamati na kikundi cha akina mama, nani amebaki nyumbani na mama mkwe asiyeweza kujigeuza kitandani? Tukisema, "Yule hana shida, amezoea," tumemuuliza lini?

Na anapotuambia, maana huwa wanatuambia, hawaji na machozi. Wanakuja na kitu kidogo. Mlango haufungi. Nimechoka leo. Naomba nisiende. Na sisi tunajibu haraka kwa sababu tuna haraka. Sukuma. Sogeza. Vumilia. Kisha kamba ikilegea tunakwenda kwenye nguzo yetu wenyewe kuikaza, tunafunga na kusali zaidi, tunajituma zaidi, tukiamini kwamba tunaitengeneza nyumba. Kumbe kila raundi tunayozungusha inamng'oa mtu.

Siku ile tutakapoulizwa, sidhani Mungu atakuja kuipiga kofi nguzo yangu aone kama inatikisika. Nadhani atazunguka kwenda upande wa pili.

Basi leo ukitoka hapa usianze kwa kukaza chochote. Vuka uwanja. Chukua jembe, chimba kidogo pale chini ilipoingia ardhini, utazame kwa macho yako. Kama pameoza, anua nguo kwanza, hata kama bado mbichi. Blanketi bichi halijawahi kuua nyumba.

Mtaniuliza ilikuwaje jioni ile. Muuguzi wa zahanati aliufunga mkono wa binti, akasema utapona lakini utabaki na kovu. Mama akampigia simu kaka yake na kumwambia wazi, "Wawili watabaki kwangu, wawili watakwenda kwa mdogo wetu. Nimeshaongea naye, Jumatatu anawafuata." Kaka akasema sawa, dada, kama vile alikuwa anangoja tu aambiwe. Fundi akaahidi kurudi kwa ajili ya nguzo ya pili, ya chuma nayo, mbali na ukuta wa mtu.

Jirani akaleta ugali kutoka kwake na mboga ya majani, maana jiko halikuwepo. Wakatandika mkeka sebuleni. Binti akainuka kwenda kuchukua maji ya kunawa.

"Kaa," mama akamwambia. "Mikono mingine ipo."

Akayaleta mwenyewe, akawanawisha mmoja mmoja, akaanza kwa yule mwenye bandeji, mkono wa kulia tu. Akakata ugali. Kisha, kabla hajaruhusu mtu kugusa chakula, akawapitia kwa kidole, polepole, akiwataja mmoja baada ya mwingine. Wakatimia saba. Akaketi, akawa wa nane, wakala.