Waliomwosha Mama Yao

Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii haipendi kukatizwa, nami sipendi kuianza mara mbili.

Palikuwa na Bi Saumu, mwosha maiti wa mji mmoja wa milimani, na binti zake watatu aliowafunza kazi hiyo. Mwanasiti, wa kwanza, alijaliwa pumzi: akipuliza kaa lililozimika tangu jana, linawaka. Tunu, wa pili, alijaliwa moyo mtulivu: hata nyumba iungue, mapigo yake yalikwenda mwendo uleule. Kidawa, kitindamimba, alijaliwa damu yenye joto: watoto waliopigwa na baridi waliletwa mapajani mwake wakapona.

Nyumba yao ilikuwa na mwiko mmoja. Maiti wa damu yako usimwoshe bila mgeni wa kumimina maji. Kwa nini, Bi Saumu hakusema, na wanawe hawakuuliza.

Bi Saumu akafa asubuhi moja. Majirani wakaja kusaidia, Mwanasiti akawarudisha palepale mlangoni.

“Ahsanteni, jamani, lakini nyinyi mnaosha mtu kama mnaosha sufuria. Mama tutamwosha wenyewe.”

Tunu aliukumbuka mwiko, akanyamaza, maana naye aliamini hapakuwa na mikono mjini kama yao. Hayo ndiyo majivuno ya fundi. Yameua wengi, ila siku ile yalifanya kinyume.

Mwanasiti akaosha kinywa. Alipoinama, pumzi ikamtoka bila yeye kuitoa, ikaingia kwa mama.

Tunu akaosha kifua. Chini ya kiganja akasikia pigo moja, kisha la pili, na akautambua mwendo wake mwenyewe.

Kidawa akaosha mikono na miguu. Joto likamtoka vidoleni, na kucha za mama zilizokuwa za kijivu zikarudiwa na rangi.

Bi Saumu akafumbua macho. “Maji haya ya baridi,” akasema. “Nani aliyemimina?”

Tunu aliogopa, na aliona haya kuogopa, kwa kuwa alikuwa akilia kwa furaha vilevile.

Mji ukasema Bi Saumu alizimia tu. Nyumbani walijua zaidi. Mwanasiti akivuta pumzi, kifua cha mama kinapanda, akishusha, kinashuka. Alikuwa na mtoto mchanga, na kila alipomwimbia wimbo wa kumbembeleza hadi mwisho, mama alibaki kitandani kinywa wazi, akitafuta hewa. Mwanasiti akaacha kuimba. Mtoto akawa analala kwa kulia.

Tunu alikuwa amechumbiwa na Shebe, seremala. Moyo ule usiotishwa na moto ulitishwa na hodi ya Shebe, na siku alipobisha, mama alishika kifua akaanguka jikoni. Tangu hapo Tunu alizungumza na mchumba wake nyuma ya mlango uliofungwa, kwa sauti ya mtu anayehesabu nazi.

Kidawa joto lilimpungua. Paka aliyezoea kulala mapajani mwake akahamia kwa mama. Watoto wagonjwa walipoletwa, walimgusa wakalia, na mama zao wakawabeba kuondoka bila kuaga.

Siku ya arobaini walikuwa wanakunywa chai. Mwanasiti akasema, “Mama, bila pumzi yangu hawa wasingekuwa na cha kupeleka mwilini mwako.”

“Na hiyo pumzi ingefika wapi bila mapigo, dada?” Tunu akauliza.

“Ungepiga nini bila damu?” akasema Kidawa, meno yakigongana.

“Msigombane, wanangu,” akasema Bi Saumu. “Nimeosha wafu miaka thelathini, nawajua. Pumzi isiyopata damu haivuki kifua. Damu isiyopata mapigo hutuama kama maji ya shimoni. Na mapigo yasiyo na pumzi huzungusha utupu. Angekosekana mmoja wenu, ningerudi nilikotoka.” Akapiga funda la chai. “Ila sasa nimepata nguvu ya kufanya kazi moja mwenyewe, ya pumzi, ya mapigo au ya joto. Moja tu. Leo nitamfungua mmoja wenu. Wawili watabaki nami maadamu niko hai.”

“Na utaishi mpaka lini, mama?” Kidawa akauliza polepole.

Bi Saumu akafikiri. “Sijui, mwanangu. Sisikii uchovu wowote.”

Tunu aliwatazama ndugu zake, akamwona mmoja na mtoto wake asiyeimbiwa, na mwingine na midomo yake ya kijivu. Akafungua kinywa aseme: mfungue Kidawa. Maneno yalikuwa tayari, na yalikuwa mazuri. Lakini kilichokuwa moyoni mwake ni kingine, naye alikitaka mno. Ng'ambo ya meza, mama akaweka kiganja kifuani, mahali palipoanza kwenda mbio.

“Usijisumbue kusema, Tunu,” akasema. “Nimekwisha kukusikia.”

Mimi naishia hapo, maana hapo ndipo nami nilipoishiwa. Mmoja alitoa pumzi, mmoja mapigo, mmoja joto, na hakuna aliyetoa zaidi ya mwenzake. Nyinyi mlioketi hapa mkinitumbulia macho, mngemfungua nani? Weka kiganja kifuani kwanza, ndipo unijibu.