Kiboko Aliyeatamia Sahani

Wenye masikio mpo?

— Tupo, na masikio tumekuja nayo.

Niwape kweli au niwape uongo?

— Changanya, tutachambua wenyewe.

Haya, sogeeni. Mihogo mtaimenya baadaye, na visu wekeni chini, sitaki mtu ajikate kidole halafu mama yake aje kunisema. Mwantumu, nawe acha kumchokoza mwenzio.

Mnajua mimi bibi yenu nimeosha vyombo vya maabara miaka ishirini na mmoja. Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nawaambia nilikuwa maabara, nao wananyamaza kwa heshima. Ya brashi na sabuni siwaambii, hawajauliza. Lakini wakati mikono inaosha, macho yanaona, na hii ni hadithi ya yale niliyoyaona. Watu wenyewe nimewavisha manyoya tu.

Basi hapo kale palikuwa na Sange. Sange mnamjua, yule mnyama mdogo aliyempita panya kidogo tu, mwenye pua ndefu isiyotulia, kutwa kunusa, fyo fyo fyo. Huyo Sange alikuwa na kibanda chake kando ya mto, na kazi yake kibandani ilikuwa kukata na kuunga nyuzi za uhai.

Nyuzi gani? Ngojeni niwaambie. Ndani ya kila mwili kuna uzi, mwembamba hata jicho haliuoni. Uzi huo umetungwa kwa shanga za rangi nne, nne tu, lakini mpangilio wa shanga ndio unaouamuru mwili: hapa ota mwiba, hapa ota mkonga, hapa pika mate. Wasomi wanauita DNA. Sange aliuita uzi, na mimi nitauita uzi, tuelewane.

Sange alikuwa na mikasi yake, midogo nayo haionekani, na kila mkasi unazijua shanga zake. Ukizikuta shanga hizo unakata. Usipozikuta unapita kimya kimya. Tena alikuwa na gundi ya kuunga vipande vilivyokatwa, na gundi hiyo inataka baridi saa zote, ikipata joto imekwisha. Kwa hiyo kutwa utamsikia kibandani: akate, kacha. Aunge, nata. Atie kwenye barafu, kimya.

Kacha, nata, kimya. Ndiyo kazi yake.

Sasa jirani yake alikuwa Mama Nungunungu, na Mama Nungunungu alikuwa na binti mmoja, Tunu. Mtoto wa kucheka ovyo yule, na akicheka miiba yake inalia chakacha chakacha. Sange alimpenda mno, basi tu hakusema, maana akimwona alijifanya kumfukuza asije akamwagia vitu.

Tunu akaugua. Anakula lakini anakonda. Anakunywa maji mtungi mzima, kiu haiishi. Miiba ikaanza kulala. Sange akamnusa, fyo fyo, akajua ni kisukari. Mwili wa Tunu ulikuwa umeacha kupika ile dawa ya kuitoa sukari kwenye damu na kuipeleka kwenye nyama.

Zamani dawa hiyo walikuwa wakiichukua kwenye kongosho la mnyama aliyekufa. Lakini mwaka huo hakufa mtu. Hata mnyama mmoja hakufa, mvua nzuri, majani mazuri, watu wote wanafurahi isipokuwa Mama Nungunungu. Dawa kibandani ikabaki ya siku tatu.

Mama Nungunungu akaja akakaa chini mlangoni. Hakulia. Akasema, "Dada Sange, nimebaki na huyu tu."

Sange akamwambia, "Nipe mwiba wako mmoja."

Mnaona alichokuwa anakitafuta? Mwili wa mama unajua kupika dawa. Kwa hiyo kwenye uzi wa mama, mahali fulani, pana kipande chenye maelezo yake. Sange akautoa uzi kwenye ule mwiba, akakitafuta, akakitafuta, akakipata. Akakikata, kacha, huku kwa mkasi mmoja na kule kwa mkasi mwingine. Akachukua na kikuku. Kikuku ni uzi mfupi uliojizungusha duara, na kikuku hiki kilikuwa na maandishi ya ngao, kwamba atakayekivaa, dawa chungu, ile inayoua vijidudu, haimuui. Akakikata nacho kwa mikasi ile ile miwili, kacha, ili kisije kikajifunga chenyewe kabla mgeni hajaingia. Akaleta gundi. Ilikuwa imebaki tone moja, la mwisho. Akaunga kipande na kikuku, nata. Akatia kwenye barafu, kimya.

Halafu akaviita vijidudu. Ni vile vinavyokaa matumboni mwetu sote, havina makuu, kazi yao kula na kuzaana. Kijidudu ukikivisha kikuku, kitasoma kilichoandikwa humo na kukipika, bila kuuliza ni cha nani. Lakini kuna taabu moja. Katika vijidudu elfu elfu, vinavyokubali kuvaa kikuku ni vichache sana, na kwa macho huwezi kuvijua.

Ndipo Sange akaandaa sahani mbili, kama ilivyo desturi ya kibanda chake. Sahani ya kwanza akaitia chakula cha vijidudu na dawa chungu. Humo vijidudu vitakufa, vitapona vyenye kikuku tu. Sahani ya pili akaitia chakula kitupu, hamna dawa chungu. Humo kitaota kila kijidudu, chenye kikuku na kisicho nacho. Hiyo ya pili ni ya shahidi tu, ya kuonyesha kwamba vijidudu vilikuwa vizima tangu mwanzo. Kazi yake ikiisha inatupwa. Nimeziosha mimi hizo za shahidi, nyingi hazina idadi.

Kilichobaki ilikuwa kuziatamia. Sahani zinataka joto la mwili, kutwa nzima, na mwatamiaji alikuwa Kanga. Alfajiri Kanga akaja, akapandisha mabawa, anataka tu kukaa, mara nje wakasikia ardhi, gudu, gudu, gudu.

Kiboko huyo.

Kanga akaruka dirishani, kwe kwe kwe kwe, na mpaka leo hajarudi kuchukua mshahara wake.

Kiboko alikuwa ndiye mwenye nguvu pale mtoni. Ukichimba kisima, chake. Ukipanda majani, yake. Alikuwa na msemo wake: "Kikubwa changu, kingi changu, kinachobaki nitakifikiria." Lakini mimi simchukii Kiboko, msinielewe vibaya. Alikuwa na donda moyoni. Kila mara wanyama wakikutana, walikuwa wanampita yeye na kwenda kumwamkia Tembo kwanza, kwa sababu ya mkonga. Nalo likamkaa.

Sange akamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia marahaba, akaketi mlangoni, mlango wote ukajaa. Akasema amesikia humu kibandani mtu anaweza kukatiwa kitu cha mwenziwe akaungiwa yeye. Anataka mkonga. Na kwa kuwa hataki kungoja, chochote kilichoungwa leo ni chake, na hakitoki kitu humu mpaka akipate.

Sange akamweleza ukweli, tena kwa adabu. Akamwambia uzi ukiumeza unasagika tumboni kama chakula kingine, hauoteshi hata kinyweleo. Na kilichoungwa leo si mkonga, ni dawa ya Tunu, na gundi imekwisha.

Kiboko akacheka mpaka kibanda kikatikisika. Akasema watu wadogo ndivyo walivyo, wakiwa na kitu kitamu wanakiita dawa.

Sasa jiwekeni mahali pa Sange. Gundi hakuna. Mwatamiaji kakimbia. Mlango umezibwa. Sahani zinapoa, zikipoa hakioti kitu, na kule nyumba ya pili Tunu amebakiza dawa ya siku tatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake pua ya Sange ikatulia. Aliogopa, na mimi siwafichi, aliogopa sana.

Pua ikaanza tena, fyo. Fyo fyo.

"Mzee," akasema, "kama ni chako, basi kiatamie mwenyewe."

Kiboko akauliza kuatamia ni kufanyaje. Sange akamlaza ubavu, akamnyanyua mkono kwa taabu kubwa, akamwekea sahani mbili kwapani, akaushusha. Akamwambia asijigeuze wala asiende mtoni, na akicheka zitapoa.

Yule bwana akalala. Jua likapanda, hakujigeuza. Inzi wakamtua puani, zii zii, hakuwafukuza. Njaa ikamuuma, tumbo likanguruma, akavumilia. Kila mara anauliza, "Umeota?"

"Bado, Mzee."

Saa sita akauliza, umeota? Bado, Mzee. Saa tisa akauliza, umeota? Bado, Mzee. Joto la kwapa lile, nawaambia, hakuna mashine inayolishinda.

Jua lilipoanza kushuka, Sange akazitoa sahani. Ile ya shahidi ilikuwa imejaa, nyeupe pee, nene kama mtindi, imefurika mpaka ukingoni. Ile yenye dawa chungu ilikuwa na vidoa vitatu. Vitatu tu, vya kukaa kwenye kucha. Sange alipoviona akafurahi, maana ndivyo vilivyovaa kikuku.

Mwantumu anataka kujua kwa nini hakuificha ile ya vidoa. Angeificha wapi, mwanangu, na jicho la Kiboko liko pale pale? Sikiliza alichofanya.

Ile sahani iliyojaa akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ile ya vidoa akaiacha chini, akaisukuma kwa mguu, kama hana haja nayo. Akasema, "Mzee, nakwambia ukweli wa Mungu. Hii iliyojaa haina kitu, ni ya shahidi. Ya kweli ni hiyo yenye vidoa vitatu."

Mdomo ulisema kweli tupu. Mikono ndiyo iliyokuwa inadanganya.

Kiboko akautazama mdomo, akaitazama mikono, akaamini mikono. Akamwambia hakuzaliwa jana. Akaipokonya sahani iliyojaa, akailamba, lwa lwa lwa, akaimaliza, akalamba na ukingo. Akacheua. Kisha akaenda zake mtoni, gudu gudu gudu, kungoja pua irefuke. Vijidudu havikumdhuru, alivipeleka tumboni kwa wenzao tu.

Sange hakungoja afike mbali. Akavichota vile vidoa vitatu, akavitia kwenye chungu cha mchuzi wa uvuguvugu. Vikala, vikazaana, vikapika. Siku ya kwanza mchuzi ukawa mzito. Siku ya pili akauchuja, akauchuja tena. Siku ya tatu, dawa ya zamani imekwisha na Tunu hawezi hata kuinua kichwa, akaenda na bomba la sindano nyumba ya pili. Akamchoma. Wakakaa kungoja, yeye na Mama Nungunungu.

Adhuhuri wakasikia chakacha.

Kumbe Tunu anacheka. Alikuwa anaitazama pua ya Sange. Mama Nungunungu akalia siku ile, alilia kwa siku zote ambazo hakulia, na Sange akamwambia anyamaze huku naye machozi yanamtiririka mpaka nchani mwa pua.

Kiboko alingoja wiki mbili. Kila asubuhi anajitazama majini, pua ni ile ile. Mwisho akarudi kibandani, safari hii akaongea polepole, akauliza vile vidoa vitatu alivyoviacha vilifanya nini.

Sange akamwambia, "Vilimponya Tunu, Mzee. Yule pale, anakimbizana na vipepeo."

Kiboko akamtazama mtoto. Akauliza, "Na nani aliyeviatamia?"

"Wewe, Mzee."

"Basi huyo mtoto ni wangu."

Sange akafikiri, fyo fyo. Akasema sawa, hakuna ubishi, ni wake. Lakini sindano ni ya kila siku, na mtoto akichomwa baba yake ndiye anayemshika mkono.

Basi mpaka leo, kila asubuhi, Kiboko anatoka mtoni, gudu gudu gudu, anamshika Tunu mkono. Sindano ikitoka tu, anageuza uso ukutani na kufumba macho. Na Tunu anampapasa shavu, anamwambia, "Usiogope Baba, hata haiumi."

Nimemaliza, nameza mate yangu. Anayeitaka aibebe akalale nayo, asiyeitaka aiache hapa kizingitini, atapita mwingine ataiokota.

Mnataka na funzo? Mama zenu wanataka niwape funzo kila mara, haya. Funzo ni hili: ukiletewa sahani mbili, wewe chukua iliyojaa. Na mtu mdogo akikwambia ukweli, usimwamini hata kidogo. Kiboko angemwamini Sange siku ile, Tunu angekufa.