Sahani ya Tatu Bandani kwa Kajetani

Kawia ufike. Methali hii ni fupi kama mkia wa mbuzi, ndiyo maana wengi huimeza bila kuitafuna. Wavivu wameifanya mto wa kulalia. Ukiwaamsha asubuhi wanakujibu kwa methali, kisha wanajifunika upya. Lakini wahenga walisema kawia ufike, hawakusema kawia ulale. Maana yake ni kwamba aendaye polepole bila kuruka hatua hufika mzima, ilhali mwenye pupa hufika mapema, kisha hulazimika kurudi nyuma kutafuta alichokidondosha njiani. Ukweli huo ulithibitishwa mjini Songea, mtaa wa Majengo, Jumapili moja mchana, na shahidi mkuu alikuwa kitufe cha deki ya video.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilishuka kwa marobota, maduka ya Majengo yakajaa redio zenye taa za kumetameta, na ushirika nao ukaanza kupunguza wafanyakazi. Mzee Kajetani, aliyeendesha lori la ushirika tangu ujana wake, alipunguzwa pamoja na wenzake. Hakukaa barazani kuilaani dunia. Kiinua mgongo chake alikigeuza televisheni na deki, akajenga banda la mabanzi katika kiwanja alichopewa na Bibi Notburga, kizee wa mtaa ule, akaziba nyufa kwa magunia ili giza lipatikane mchana kweupe. Haukupita muda, banda likawa linavuma kama mzinga wa nyuki.

Wateja wake, vijana wa stendi na wa sokoni, hawakutaka mikanda mingine isipokuwa ya mapigano. Sheria za banda walizijua kuliko Amri Kumi: stelingi, yaani shujaa wa mkanda, hafi, adui mkubwa hufa mwisho, na anayekaa mbele asivae kofia. Mkalimani wao alikuwa Otto, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye ulimi mwepesi kama mkia wa mjusi. Alisimama kando ya televisheni akitafsiri kila kilichosemwa. Lugha asiyoijua aliitafsiri vizuri zaidi, maana hapo hakuna kilichomzuia.

Balaa ilianzia nje. Vijana walipotoka bandani walitoka wakirusha mateke. Siku moja Anord, mbeba mizigo wa stendi mwenye kifua kama pipa, aliruka teke la hewani na kutua katikati ya mkeka wa Bibi Notburga, juu ya makopa yaliyoanikwa juani. Mihogo mikavu ikavunjika kra-kra-kra. Bibi akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Shikamoo, bibi," alisema Anord, akiwa bado juu ya mkeka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa shuka kwenye chakula changu."

Jioni ile ile Bibi alimwita Kajetani. "Mwanangu, kiwanja nilikupa ule, sikukupa ufundishe watu kupigana. Jumapili ijayo nitaingia humo mwenyewe. Nikikuta ngumi, banda utalibomoa kwa mikono yako, na mabanzi utayapikia."

Kajetani hakuwa na kiwanja kingine, wala kazi nyingine. Basi alikwenda Mjimwema kwa Mwalimu Violeth, mwanamke wa Bukoba aliyehamishiwa Songea kufundisha sekondari, ambaye ilijulikana kwamba alirudi na mikanda michache kutoka masomoni ng'ambo.

"Huu hauna hata kofi moja," alisema Mwalimu, akimkabidhi mkanda.

"Una nini sasa?"

"Una familia."

"Hiyo familia inafanya nini?"

"Inakula."

Kajetani aliguna mguno wa mtu aliyeuziwa gunia la pumba, lakini akaupokea.

Jumapili ilipofika, alifanya kosa la watu wenye hofu: hakumwambia mtu. Ubaoni aliandika tu MKANDA MPYA. Vijana wakafurika. Mbele kabisa aliketi Bibi Notburga juu ya kigoda alichokuja nacho, kitenge begani, rozari mkononi.

Mkanda ukaanza. Jiko. Mama mmoja wa Kizungu anakata vitunguu. Vitunguu vikakatwa mpaka vikaisha. Mama akapanga mezani sahani tatu. Akaingia baba, mzee mrefu mwenye koti zito, akatazama meza, akachukua sahani moja na kuirudisha kabatini. Wakaketi wawili, wakala. Hakuna aliyesema neno. Kesho yake mama akapanga sahani tatu, baba akaondoa moja. Keshokutwa vivyo hivyo.

Otto alianza kutokwa jasho. Lugha ilikuwa ngeni, na hata hiyo ngeni haikusemwa. Akaamua kuokoa jahazi. "Tulieni jamani! Mzee huyu mnamwona hivi, ni hatari. Ndani ya koti mna bastola!"

Vijana wakaisubiri bastola kama watoto wanavyosubiri pilau ya Krismasi. Mzee akavua koti. Ndani, sweta. Akavua sweta. Ndani, sweta jingine.

"Labda imo kwenye fulana!" alipaza mtu nyuma, na banda likalipuka kwa kicheko.

"Otto, stelingi ni nani humu?"

"Stelingi ni sahani," Anord alijibu kabla ya mkalimani. "Si mnaona haifi? Kila siku inaondolewa, kila siku inarudi!"

Kicheko kikageuka kelele, kelele zikageuka ghasia. Wakaanza kupiga mabenchi. "Peleka mbele! Peleka mbele!" Anord akasimama, kichwa kikagusa bati. "Mzee Kajetani, hata uji ungekuwa umeganda! Peleka mbele, au tunahamia Msamala. Kule banda lao lina mikanda ya wanaume."

Kajetani alikuwa kati ya jiwe na shoka. Akiweka ngumi, Bibi analibomoa banda. Akiacha sahani, vijana wanayavunja mabenchi, na Bibi analibomoa vilevile. Alimtazama Bibi, lakini mgongo wa bibi kizee haukusema lolote. Rozari tu ilikuwa imesimama, haitembei. Mabenchi yakagongwa tena. Kajetani akabonyeza kitufe.

Wale watu wa kwenye kioo wakaanza kukimbia kama siafu waliomwagiwa majivu. Mama akaruka huku, baba akaruka kule, jua likachomoza na kuzama kama linamchezea mtu. Vijana wakapiga mbinja. Kajetani alipoachia kitufe, baba alikuwa peke yake jikoni. Mama hayupo. Na mezani, mbele yake, sahani tatu.

Kelele zikakatika.

"Ngoja kwanza," alisema mmoja. "Si huyu ndiye aliyekuwa anaziondoa?"

"Nani kaipanga hiyo ya tatu?"

"Na mama yuko wapi? Otto, sema!"

Kwa mara ya kwanza tangu banda lijengwe, Otto alikosa neno. "Niseme nini, jamani? Tumeruka wote."

Ndipo Bibi Notburga alipogeuka, taratibu, akawatazama mmoja mmoja. "Kajetani, mama wa watu mmempeleka wapi?"

Ikasikika sauti nzito, imeshuka chini kama ya mtu aliye kanisani. Ilikuwa ya Anord. "Mzee, rudisha nyuma."

"Peleka mbele, rudisha nyuma! Deki yangu si baiskeli ya kukodi," alinung'unika Kajetani. Lakini akarudisha.

Safari hii waliangalia. Mama alikuwa mgonjwa. Alijaribu kuinuka kitandani akapange meza, baba akamzuia kwa kiganja begani. Akaenda jikoni mwenyewe. Kitunguu akakikata vibaya, vipande vinene kama vya kuni. Akatoa sahani mbili. Akasimama mbele ya kabati lililo wazi. Mkono ukapanda, ukashuka. Ukapanda tena. Otto alifumbua mdomo, akamwona mzee yule alivyosimama, akaufumba. Baba akaitoa sahani ya tatu. Ilikuwa safi, lakini akaifuta. Akaifuta tena. Akaiweka mezani, akaketi mbele yake, asile.

"Ni ya mtoto," alisema Bibi Notburga polepole. "Kuna mtoto kaondoka kwa hasira. Mama anamwekea. Baba ndiye alikuwa hataki."

"Alikuwa anataka, bibi," alisema Anord. "Alikuwa hawezi."

Mkanda ukaendelea. Siku zikapita, kila siku sahani tatu, na sasa kila zilipopangwa banda zima lilitazama mlango wa ile nyumba. Mwishowe mlango ukafunguka. Kijana mwenye begi akasimama kizingitini, theluji mabegani. Hakusema kitu. Baba naye hakusema kitu. Alinyoosha mguu chini ya meza, akakisukuma kiti nje. Kijana akaketi. Mama akatokea akishikilia ukuta, akazitazama sahani zile, kisha akawatazama wenye sahani. Ukawa ndio mwisho.

Vijana walitoka bila kurusha hata teke moja, na mkeka wa makopa wakauzunguka kwa mbali kama kaburi la chifu. Anord alibaki kwenye benchi.

"Otto, pale mwisho yule mzee alimwambia nini mwanawe?"

"Hakusema neno."

"Na wewe hukuongeza?"

"Pale ningeongeza nini?"

Anord akajifuta uso kwa ukosi wa shati. Otto, ambaye ulimi ulikuwa umeanza kumrudia, alitaka kumtania kuhusu vumbi la bandani, lakini akakumbuka: miaka mitatu nyuma Anord aligombana na baba yake katika shamba lao la kahawa, huko Mbinga, akaja mjini bila kuaga. Akaumeza utani wake.

Kajetani alipiga goti kando ya kigoda. "Bibi, umejionea. Hakuna aliyepigwa."

"Hakuna aliyepigwa?" Bibi alimtolea macho. "Yule baba kapigwa tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemgusa!"

Kajetani alihisi mabanzi yote yakimwangukia kichwani. "Basi nianze kubomoa lini?"

"Nani kasema ubomoe? Banda libaki. Hizo ngumi zenu wekeni siku nyingine, ila watu watokee mlango wa nyuma, mbali na makopa yangu. Na Jumapili ijayo uniwekee huu tena, nitakuja na wenzangu wa jumuiya. Vile vitunguu vya mwanzo vilinipitia, nilisinzia." Akainuka, akakitwaa kigoda chake. "Lakini ole wako ukikigusa tena kile kidude cha kukimbiza watu."

Asubuhi iliyofuata, pale stendi, kondakta wa basi la Mbinga alimwona Anord akija na begi begani.

"Mzigo wa nani huo, Anord?"

"Wangu."

Kondakta akashangaa. "Basi panda lile lingine. Hili leo linapakia mahindi kila kijiji, utafika jua limezama."

Anord alipanda, akaketi dirishani, begi juu ya magoti. "Twende nalo hivyo hivyo, braza. Nimeshakawia miaka mitatu. Kilichobaki ni kufika."

Basi likaondoka likikohoa, polepole kama mkanda wa Mwalimu Violeth, na jua lilipozama huko Mbinga, mzee mmoja alisogeza kigoda kando ya sinia la ugali bila kusema neno. Hakika waliosema kawia ufike hawakukosea.