Sahani Mbili na Ufunguo Mmoja

Kuna ufunguo ambao mpaka leo sijui ulistahili kukaa mfukoni mwa nani. Nimewauliza walimu, wazazi, hata padri mmoja. Kila mtu alijibu haraka, na kila mtu alijibu lake. Basi nisikilizeni, huenda ninyi mtaniondolea mzigo huu.

Katika shule moja ya sekondari msingi, huko milimani Taita, walikuwapo watu watatu. Mama Mshai, mpishi, alikuwa na macho: kutoka dirisha la jikoni aliwajua wanafunzi mia tatu kwa mikono yao tu. Mwalimu Mwamburi, wa ushauri nasaha, alikuwa na masikio, na aliweza kukaa na kimya cha mtu bila kukijaza maneno. Wakesho, wa gredi ya nane, alikuwa na mdomo. Walimu walimhamisha dawati kila wiki na bado alipata wa kuongea naye.

Na alikuwapo Mkawasi, wa darasa hilohilo. Kaka yake pacha, Mghendi, alifukiwa na udongo kwenye machimbo ya vito. Mkawasi hakulia mazikoni. Jumatatu iliyofuata alirudi shuleni, akaandika alichoambiwa aandike, na hakusema neno na mtu. Mjomba wake akatuma ujumbe: mtoto asiyesema hasomi. Siku ya kufunga shule angekuja kumchukua akamlelee watoto Voi, isipokuwa Mkawasi aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kubaki.

Mama Mshai aliona. Kila adhuhuri Mkawasi alipanga foleni na sahani mbili, yake na ya kakaye. Mpishi alizijaza zote mbili, wiki tatu, bila kuuliza.

"Huyo anakula kwa wawili?" mwenzake jikoni alinung'unika.

"Hali hata ya mmoja. Ya pili anaiweka mezani mpaka ipoe, kisha anairudisha."

Akavua aproni, akaenda kumwambia Mwalimu Mwamburi.

Mwalimu alisikiliza. Kila Jumatano aliketi na Mkawasi katika chumba cha ushauri, ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe. Mara ya kwanza alimuuliza anaumia wapi. Mkawasi alitikisa kichwa. Hakumuuliza tena. Yeye alisahihisha madaftari, Mkawasi alitazama ukuta. Jumatano ya nne mwalimu aligundua kwamba wanafunzi wanamchungulia Mkawasi dirishani, akambadilishia kiti, akakaa yeye upande wa dirisha. Jumatano ya sita Mkawasi alivuta rula, akaanza kumpigia mistari ya pambizo.

Lakini shule ile ilikuwa na desturi. Majina ya walioitwa ushauri yalisomwa kwenye gwaride la Jumatatu, mara tu baada ya majina ya wachelewaji. Hakuna aliyekusudia ubaya. Karatasi ilikuwa moja. Kila mara jina la Mkawasi liliposomwa, miluzi ilipigwa: "Mgonjwa wa Jumatano!" Wiki ya saba hakwenda.

Ndipo Wakesho akasema. Alizunguka madarasa na kalamu na karatasi ya majina ya ushauri.

"Wewe huna shida?"

"Sina."

"Basi tafuta moja kabla ya Jumatatu. Andika jina hapa."

Jumatatu hiyo naibu wa mwalimu mkuu alisoma majina hamsini na mawili, akakaukiwa koo, akaomba maji. Hakuna aliyepiga mluzi, maana wapiga miluzi wenyewe walikuwa kwenye orodha. Jumatano Mkawasi alirudi, akaketi.

Siku ya kufunga shule, mjomba alisimama mlangoni na begi tupu mkononi. Mkawasi akasema, kwa sauti iliyokauka, "Sihisi kitu, mjomba. Lakini nataka nisihisi kitu nikiwa hapa."

Mjomba alikunja begi, akaondoka nalo.

Muhula uliofuata, mwalimu mkuu, Bi. Malemba, alipata ruhusa: mtu mmoja atatunza ufunguo wa chumba kile cha ushauri na kuachiliwa kazi nyingine zote kila Jumatano. Mmoja tu.

"Mwamburi ana cheti," alisema naibu.

"Cheti kilikaa wiki tatu bila kuona sahani," alijibu Mama Mshai.

"Na mimi je?" Wakesho akauliza. "Au mtoto hashiki ufunguo?"

Mwalimu Mwamburi aliendelea kusahihisha madaftari.

Wakamuuliza Mkawasi. Akajibu: "Sijui. Mmoja wao angekosekana, sasa hivi ningekuwa Voi."

Iliamuliwa hivi: majina yasisomwe tena gwarideni, na mpaka mtunza ufunguo apatikane, mlango ule usiwe na kufuli. Aliyetekeleza ni Mkawasi. Aliazima bisibisi karakana, akafungua skrubu nne za komeo, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye sahani ya kakaye.

Ufunguo bado uko kwenye droo ya Bi. Malemba. Akikuita leo akuwekee mkononi, utatoka nao uende kwa nani?