Nguchiro na Chama cha Wakanyaga Udongo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na viwanda na mabwana wa kuwanyonya, Kiboko alimiliki kiwanda cha vyungu. Punda na ndugu zake walikanyaga udongo, Kima akifinyanga, na Nguchiro, mdogo kuliko wote, akachochea tanuri. Ujira wa kila mmoja ulikuwa kibaba cha mtama kwa siku.

Njaa ilipowazidi wakaunda chama, Nguchiro akawa katibu. Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, bwana. Tunaomba vibaba viwili."

"Viwili? Kwa! kwa! kwa!" Kiboko akacheka. "Nikiongeza ujira, bei ya vyungu itapanda. Ikipanda, wanunuzi watakimbia, na kiwanda nitakifunga. Nawaonea huruma ninyi!"

Huruma! Bei alikwishaipandisha mara mbili mwaka ule, na ujira haukuongezeka hata punje.

"Basi tunagoma," akasema Nguchiro.

"Gomeni! Nimewafukuza wote. Ng'ambo ya mto wenye njaa wamejaa tele!" Akajitosa mtoni, chubwi!

Punda akaangua kilio. "Wanangu watakula nini, katibu? Twende tukamwangukie miguuni."

"Nyamaza, kaka. Hebu niambie, miaka yote hii Kiboko amewahi kukutazama usoni?"

Punda akafikiri. "La. Hutazama kwato tu, kama zinakanyaga."

"Basi jipakeni majivu, upesi!"

Kiboko akawa anajigaragaza majini, hana haraka. Wao wakavuka darajani mbio, puku puku puku! Alipoibuka ng'ambo akawakuta wamekaa, weupe pe.

"Enyi! Mnataka kazi ya vyungu?"

"Vibaba vitatu," Nguchiro akajibu, akikaza sauti. "Na utie muhuri wa unyayo hapa udongoni."

Vitatu vilimuuma Kiboko, lakini kurudi kuwabembeleza wale aliowafukuza kungemuuma zaidi. Mpumbavu yule akakanyaga udongo mbichi, bwata! Unyayo wake ukabaki pale, kijiji kizima cha ng'ambo kikishuhudia.

Punda akanawa uso.

"Lo! Kumbe ni ninyi!"

"Ndio sisi, bwana," akasema Nguchiro. "Tumefurahi kufahamiana nawe."

Kiboko akajaribu kupandisha bei tena. Wanunuzi wakamsonya, nyoo! Akairudisha ilipokuwa. Kiwanda hakikufungwa wala hakuna aliyekosa kazi, ila tumbo la Kiboko lilipungua mkunjo mmoja.

Kwa hiyo, wanangu, mkimsikia tajiri anawalilia wanunuzi, mtazameni kwanza tumbo.